Spika Mbili za Nyuma

"Umewatia watu wangu kwenye pipa," alisema Meja Faruk, na kusema kweli hakukosea.

Ochola Oloo alikuwa amesimama ukutani na bisibisi mkononi, kama mtoto aliyekutwa na kijiko ndani ya kopo la sukari. Mbele yake, katikati ya sebule kubwa ya Kololo, Kampala, ambayo mwenyewe wa kwanza, Mhindi aliyefukuzwa nchini, aliondoka na sanduku moja, kulikuwa na kiti cha kuzunguka, na kwenye pembe za sebule spika nne, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Meja alikaa kwenye kiti, macho ameyafumba, akingoja kuzungukwa na muziki. Alichopata ni mwangwi. Ochola alikuwa ameupitisha wimbo ndani ya pipa tupu la mafuta, akaunasa ukitokea upande wa pili, akaupeleka kwenye spika za nyuma. Akili yake ilimwambia huo ni ujanja mkubwa. Masikio ya Meja yakasema pipa.

Ugonjwa huu wa spika nne Meja aliupata Ulaya, alikopelekwa kozi. Kwenye duka moja alikalishwa kitini, ngoma zikamjia kisogoni, gitaa likamjia mbele, mwanamke akamwimbia sikio la kushoto peke yake. Tangu siku ile hakutulia. Aliinunua mashine ya tepu pamoja na spika zake, akaileta kwa ndege ya jeshi. Tabu ni kwamba santuri alizozipenda zilirekodiwa zamani, kabla mtu yeyote hajawaza kwamba binadamu ana kisogo. Na aliyoipenda kuliko zote, wimbo wa bendi ya batalioni yake enzi akiwa koplo, ulitoka wote tundu moja kama maji ya bomba.

"Afande, hii santuri ilirekodiwa kwa maikrofoni moja," alisema Ochola. "Watu wote wamepita mlango mmoja. Ukiwagawa kwa spika nne, unapata watu walewale mara nne."

"Mimi nataka tarumbeta iko nyuma. Wewe natoa tarumbeta, naweka nyuma. Shida gani?"

"Ni kama chai, Afande. Ikishachanganywa na maziwa..."

"Mimi hapana ita wewe kwa chai."

Mke wa Meja, aliyekuwa mlangoni na bakuli la karanga, alicheka. Ochola naye akacheka kidogo, kwa adabu, ili asionekane kama yeye ndiye anayechekwa.

"Jumamosi wakubwa wanakuja," alisema Meja, sasa kwa upole, kama mtu anayejitolea kusaidia. "Mpaka kanali. Kama vyombo hapana tosha, sema. Mimi natuma vijana nyumbani kwako Namuwongo, watazame kila kitu wewe iko nayo. Pengine chombo iko huko, wewe umesahau."

Shati la Ochola lilimganda mgongoni. Nyumbani kwake kulikuwa na kitu kimoja ambacho vijana wa Meja wangekifurahia kuliko chombo chochote, nacho kilikuwa kikila, kikilala na kukohoa nyuma ya pazia.

"Vyombo vinatosha, Afande! Ni kelele tu. Dukani Nakivubo kelele ni nyingi, siwezi kusikia vizuri. Naomba mashine, nikafanyie kazi nyumbani."

"Sawa. Koplo Abdu nabeba, naleta mpaka ndani."

Kwa hofu ya kuletewa askari nyumbani, Ochola akawa ameomba kwa mdomo wake mwenyewe aletewe askari nyumbani.

*

Namuwongo, chini karibu na reli, jeep haiingii bila watu kujifungia. Acan aliisikia kabla hajaiona. Alikuwa amembeba mtoto wao Adong mgongoni, anapepeta mtama, na alipomwona mume wake akishuka kiti cha nyuma cha jeep, mzima, bila kufungwa, alishindwa kujua ashukuru au aogope zaidi. Akaingia ndani, akagonga ukuta wa mbao mara moja kwa kifundo cha kidole, akatoka tena.

Koplo Abdu aliiweka mashine na ile santuri juu ya meza, hatua moja kutoka kwenye pazia, akajifuta jasho. Halafu akakaa. Halafu akauliza kama kuna chakula. Acan akamwekea kwenye sahani chakula kilichokuwepo, muhogo na kisamvu, chote, na koplo akaanza kula kama mtu aliyealikwa na wazazi wa pande zote mbili.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Koplo aliacha kutafuna. "Nani?"

"Mama yangu," alisema Acan bila kupepesa. "Amekuja kutibiwa Mulago. Ana kifua kikuu, afande. Nimwite akusalimie?"

Koplo aliitazama sahani yake, akalitazama pazia, akainuka. Alimpa pole mama mkwe wa Ochola kwa mbali, akasahau hata maji aliyoomba. Jeep ilipopotea, Ochola aliketi chini palepale mlangoni.

"Umemfufua mama yako," alisema.

"Angekuwepo angenisaidia. Wewe umeniletea koplo."

Pazia likasogea. Aliyetoka alikuwa Ojok, kaka yake Acan, mrefu, mwembamba kuliko suruali yake. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya batalioni ileile mpaka asubuhi Waacholi wa bendi waliposomwa majina na kupandishwa lori, wasirudi tena. Yeye jina lake lilisomwa akiwa chooni. Aliruka ua na tarumbeta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi, na mtu akikimbia hapangi mizigo. Tangu hapo alikuwa akitafutwa, na tangu hapo alikuwa hapa, kati ya pazia na lundo la redio mbovu za shemeji yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye sahani ya koplo, akala kilichobaki.

Halafu akaiona santuri. Akaishika kingo kwa vidole viwili.

"Hii umeitoa wapi, shemeji?"

"Ndiyo inayotaka kutuua."

Ochola alimweleza. Ojok alisikiliza, na polepole uso wake ukafanya jambo ambalo haukulifanya kwa muda mrefu. Ukacheka.

"Anataka tarumbeta itoke nyuma? Mimi ndiye nyuma! Siku ile yule mtu wa kurekodi aliniambia sauti yangu inameza wenzangu wote. Akanisogeza, akanisogeza, mpaka nikafika mlango wa choo. Akaona bado. Akanigeuza nikatazama ukuta. Wimbo mzima nimeupiga nikitazama ndoo ya maji. Tarcisio wa ngoma alikuwa uani, mlango umeachwa wazi kidogo. Mwimbaji peke yake ndiye aliyekula maikrofoni. Huwezi kunitoa humo, shemeji. Tumesukwa kama mkeka."

"Nimemwambia. Nimemwambia mpaka chai."

"Basi usinitoe. Niongeze." Ojok aliiweka santuri chini. "Mashine hii ina njia nne. Mbele weka santuri yenyewe, yote, bendi nzima. Mimi napiga upya juu yake, unaniweka nyuma peke yangu. Akikaa kwenye kiti chake, ataapa nimesimama kisogoni kwake."

"Hapana," alisema Acan.

"Dada..."

"Hapana. Miezi yote hii nakohoa pamoja na wewe ili majirani wadhani ni mimi. Nafua suruali zako usiku, naanika chini ya kanga zangu. Leo unataka kupiga tarumbeta? Si ungetoka tu ukasimame kituo cha reli, uwapungie mkono?"

"Tusipomaliza kazi, watakuja kupekua. Umemsikia mumeo."

"Ufungashe uende."

"Niende kwa karatasi gani? Kila barabara ina kizuizi."

Mtoto mgongoni kwa Acan alianza kulia, Acan akambembeleza kwa kurukaruka, kasi kuliko ilivyohitajika.

"Majirani wakisikia tarumbeta?" aliuliza hatimaye, na Ochola akajua kwamba amekubali, kwa sababu Acan akikataa kabisa hulaumu, hasaili.

"Watasikia santuri," alisema Ochola. "Tutawapigia wimbo huu mpaka wauchukie. Mtu haulizi habari za kitu alichokwisha kukichukia."

*

Kesho yake santuri iliwekwa dirishani, ikapigwa. Ikaisha, ikapigwa tena. Kufika adhuhuri kila mtu kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwenye reli aliujua wimbo ule neno kwa neno, na baadhi walikuwa wameanza kumwombea dua mbaya mtunzi wake. Nanyama, jirani wa ukuta kwa ukuta aliyekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za kuuza, mwanamke wa mpakani mwenye sauti ya kuita feri, alitokeza kichwa.

"Baba Adong! Nyumba yako ina santuri moja tu? Niseme nikuazime nyingine?"

"Ni kazi, Mama Nanyama. Nafanya majaribio ya mashine ya mkubwa."

"Mkubwa hana masikio, maskini bambi? Mafuta yangu yanachemka kwa kufuata ngoma."

Ndani, kazi yenyewe ilikuwa vita. Ochola alikuwa amekwisha kuihamisha santuri kwenye njia mbili za mbele za tepu. Sasa Ojok alikaa nyuma ya pazia, amefunikwa godoro na mablanketi kama mgonjwa wa homa, headfoni masikioni asikie tepu, maikrofoni mbele ya tarumbeta. Acan alisimama dirishani. Ochola akiinua kidole, yeye anaangusha sindano ya santuri, ili tarumbeta ya nje iifiche ya ndani. Kwa maneno ilionekana rahisi. Lakini santuri na tepu hazikimbii mwendo mmoja. Zilianza pamoja kama maharusi na kufika katikati ya wimbo kila moja na njia yake. Na midomo ya Ojok ilikuwa imelala. Mara ya kwanza alitoa sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Mara ya pili alipungukiwa pumzi. Mara ya tatu alipiga vizuri mpaka karibu na mwisho, ndipo Adong akarusha mguu kutoka mgongoni kwa mama yake, ukagonga meza ya santuri, sindano ikaruka mistari mingi ya santuri na kutua kwenye maneno ya mwisho.

Tarumbeta ikaendelea palepale ilipokuwa, tamu, bila habari.

Acan aliing'oa sindano. Kimya. Ojok, chini ya godoro, akaendelea kupiga peke yake, nyumba nzima ikijaa sauti yake, mpaka Ochola alipomrukia na kumwangusha chini.

Walikaa wote watatu sakafuni. Nje, mafuta ya Nanyama yalikuwa yakichemka. Kisha mlango ukagongwa, na Nanyama mwenyewe akaingia bila kukaribishwa, na kabalagala mbili kwenye gazeti. Ojok alikuwa bado mguu mmoja nje ya pazia. Nanyama aliutazama ule mguu, mkubwa, wa kiume, wenye soksi ya jeshi.

"Mama Adong," alisema, "santuri yako imekuwa na akili. Sindano imeruka, tarumbeta haikuruka."

Acan alilivuta pazia kuufunika ule mguu.

"Mimi si mtu wa muziki," aliendelea Nanyama, akiweka kabalagala mezani, mbali na waya. "Lakini dirisha ningelifunga. Na huyo mama mgonjwa, mwambieni akipiga tena, mimi nitakuwa natwanga karanga. Nitatwanga kwa nguvu. Kale, sawa?"

Alitoka. Acan akaanza kucheka, akashindwa kuacha, mpaka ikawa siyo kicheko.

Mara ya nne, santuri dirishani na kinu cha Nanyama kikitingisha ukuta, Ojok alipiga kama aliyefunguliwa kamba. Ochola, headfoni zake masikioni, alisahau koplo, akasahau Jumamosi. Tarumbeta ilikuja kutoka nyuma yake, ikapita karibu na shingo, ikaingia katikati ya bendi ya miaka mingi iliyopita na kuijibu mstari kwa mstari. Wapo watu ndani ya ile bendi waliokuwa wamekufa, Tarcisio mmojawao, na kwa muda wa wimbo mmoja walikuwa kazini. Bendi ilipomaliza, Ojok aliongeza kipande kidogo cha noti chache zinazopanda, kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho cha koti. Halafu akaiweka tarumbeta mapajani, akajifunika uso na blanketi.

"Hicho kimkia cha mwisho ni kizuri," alisema Ochola.

Ojok hakumsikia. Alikuwa analia, na wala hakutaka kusikiliza tepu. Wala hakukumbuka kwamba ameongeza kitu, maana mkono hukumbuka yake peke yake. Na Ochola, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupiga kwata hata ya skauti, alikiona kimkia kile ni pambo. Akakiacha.

*

Sherehe ilianza mchana. Ochola alikuja na shati jeupe ambalo Acan alilipigia pasi mara mbili, na mlangoni alielekezwa jikoni. Huko alipewa shingo ya kuku na kuambiwa asubiri. Alipoitwa, alipita katikati ya wageni akiinama, kama mtu anayepita mbele ya watu sinemani, akasimama nyuma ya mashine.

Sebule ilijaa magwanda. Kanali, mzee mwenye tumbo la upole na macho yasiyo na upole, alipewa kochi la mbele. Meja alijichukulia kiti cha katikati.

"Huyu ni fundi yangu, Mkenya," aliwaambia. "Alisema haiwezekani. Mimi nimesema, itawezekana."

Wakacheka. Ochola akabonyeza.

Bendi ilikuja mbele, nyembamba na ya zamani. Halafu tarumbeta ikaamka nyuma. Luteni mmoja aligeuka haraka, mkono umekwenda kiunoni, akaona spika tu, akachekwa. Meja alifumba macho. Mdomo wake ulilegea, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza Ochola alimwona alivyokuwa kabla ya cheo, koplo mmoja mwenye usingizi na kiu. Mke wake alisimama mlangoni, akaacha hata kutafuna karanga. Ochola akaanza kuwaza sukari. Alikuwa ameahidiwa sukari na sabuni, na sabuni siku hizo ilikuwa jambo la kumfanya mwanamke asamehe mengi.

Wimbo ukaisha. Kimkia kikapanda, noti chache, kutoka nyuma.

Na wanaume wote waliokuwa wametumikia batalioni ile wakasimama wima.

Hawakuamua. Miguu iliamua. Glasi zilibaki mkononi, mmoja akamwagikiwa suruali, Meja mwenyewe aliruka kitini, kidevu juu, mikono imebana mapaja. Kwa miaka mingi wimbo ule ulifunga dansi za mesi, bwalo la jeshi, na tarumbeta ilipopandisha noti zile ilikuwa na maana moja: afisa mkuu anatoka, simameni. Kwenye santuri hazikuwepo. Zilipigwa mesini tu, na aliyezipiga kwa kuvuta ile noti ya mwisho hivyo, kwa kiburi kidogo, alikuwa mtu mmoja.

Tepu iliendelea kuzunguka, shhh. Kanali peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Alikuwa ametoka kikosi kingine.

"Mnamsimamia nani?" aliuliza.

Luteni aliketi polepole.

"Faruk. Huyo anayepiga nyuma yako, ni nani?"

Ochola alimwona Meja akifikiri. Ilikuwa kama kumwona mtu akivuka barabara yenye magari mengi. Mtu anayetafutwa alikuwa amepiga tarumbeta ndani ya nyumba yake, mbele ya wageni wake, kwenye mashine aliyoinunua mwenyewe, na maafisa wake wamemsimamia wima. Halafu Meja akacheka, kicheko kikubwa cha kuinua dari.

"Afande, mimi nimewapata! Hiyo tepu ya zamani, ya mesi. Mimi naambia fundi aunge pale mwisho, mimi natazama kama wao nasahau. Mmeona? Hata moja hapana sahau! Lete bia!"

Wengine wakacheka, kwanza wachache, halafu wote, kila mmoja akimtazama jirani yake aone kama anacheka vya kutosha. Kanali alitabasamu. Hakuchukua bia.

Meja alimkuta Ochola uani, kando ya mapipa ya taka, shingo ya kuku bado haijamshuka.

"Ojok yuko wapi?"

"Nani, Afande?"

Kofi lilimjia kabla hajamaliza cheo. Halikuwa kali. Lilikuwa la mtu mwenye haraka.

"Sikiliza. Yule mzee hajaamini. Kesho kutwa ataniuliza kama nimepekua nyumba ya fundi. Mimi nitajibu nimepekua. Kwa hiyo kesho kutwa nitakuja kupekua." Alisema Kiswahili kilichonyooka ghafla, kama aliyevua magwanda. "Nitakachokikuta, nimekikuta. Umeelewa? Nisipokikuta, hakipo."

"Nimeelewa."

"Sukari chukua jikoni."

Na Ochola, ambaye baadaye aliona aibu sana kwa jambo hili, aliingia jikoni akachukua sukari.

*

"Kumbe nilipiga na ile?" aliuliza Ojok. Aliuliza mara nyingi. "Shemeji, kweli nilipiga?"

"Ulipiga. Nikasema nzuri."

"Ungekuwa askari ungeifuta."

"Ungekuwa raia usingeipiga."

"Nyamazeni," alisema Acan. Alikuwa amekaa kitandani, mfuko wa sukari kando yake haujafunguliwa. "Karatasi."

Wote wawili walimtazama.

"Kipande chako cha Kenya, Ochola. Picha imefifia, kila mtu anakucheka kwa picha hiyo, haijulikani ni wewe au ni baba yako. Ojok ni mrefu kama wewe. Lugha yenu mnasikilizana. Akiulizwa Kisumu anaweza kuijibu, wewe umemchosha na Kisumu miezi yote hii."

"Na mimi?"

Acan hakumtazama. "Wewe uko na mimi."

Hilo halikuwa jibu, na wote walijua. Mkenya bila kipande Kampala ya siku zile alikuwa mtu wa kuokotwa popote. Ochola alikwenda akasimama mlangoni, akarudi, akakaa, akainuka tena. Aliwaza kusema kwamba huyu ni kaka yako, si wangu. Aliwaza kwamba kama angekifuta kile kimkia wangekuwa sasa hivi wanakunywa chai ya sukari. Mwishowe alikitoa kipande mfukoni, akakitazama, akamkabidhi Ojok kwa mikono miwili.

"Unaitwa Ochola Oloo," alisema. "Usiniaibishe. Mimi silewi wala sidaiwi na mtu yeyote."

"Hudaiwi?"

"Sidaiwi! Unaona? Umenitia wasiwasi."

Jumapili asubuhi, watu wakiwa wamevaa vizuri kwenda kanisani, Ojok aliondoka na shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili, Biblia kwapani. Alimshika Acan kichwa, akatoka akitembea polepole sana, kama walivyokubaliana, ingawa miguu yake ilitaka kukimbia na kila mtu angeweza kuona inavyotaka. Tarumbeta haikuingia kwenye Biblia. Acan aliipitisha kwa Nanyama juu ya ukuta, ndani ya kanga, na Nanyama akaizika kwenye gunia la mkaa bila kuuliza.

*

Meja alikuja Jumatatu, na lori dogo la askari nyuma ya jeep yake. Walitoa vitu vyote nje: godoro, sufuria, redio mbovu, nguo za ndani za Acan. Majirani walitazama kupitia nyufa. Askari mmoja alimwaga sukari ardhini, akatia kidole, akakuta ni sukari. Koplo Abdu alisimama mbele ya pazia, akashika leso puani, akalivuta kwa ncha ya bunduki.

"Mama mgonjwa wapi?"

"Alikufa," alisema Acan.

Koplo akavua kofia.

"Na wewe," askari wa sukari alimwambia Ochola, "kipande."

Ochola alijipapasa mfukoni, akajipapasa mfuko wa pili, kwa bidii, kama mtu anayeweza kweli kukikuta. "Nimekipoteza, afande. Nakivubo, kwenye msongamano."

"Piga magoti."

Alipiga magoti kwenye sukari. Akaulizwa jina, akalitaja. Akaulizwa nani anajua kwamba hilo ndilo jina lake. Acan alisema yeye anajua, akaambiwa mke si shahidi. Nanyama alisema yeye anajua, akaambiwa arudi kwa kabalagala zake. Askari alimshika Ochola ukosi wa shati, akaanza kumvuta kwenda kwenye lori, na Acan, mtoto mgongoni, akashika mkono mwingine wa mume wake. Hakulia wala hakuomba. Alishika tu, wakavutana na askari kama wanawake wawili wanaogombea kitambaa sokoni.

Meja alikuwa amesimama kando muda wote, akiutazama ukuta wa mbao, pale ambapo mgongo wa mtu ulikuwa umeupaka mafuta kwa kuuegemea miezi mingi.

"Mwache," alisema. "Huyu mimi namjua. Ni Ochola. Fundi yangu."

"Hana kipande, Afande."

"Mimi ndiye kipande yake."

Askari aliachia. Acan hakuachia. Meja alisogea mpaka karibu, akaongea chini.

"Utakuja kila siku. Kila nikikuita. Ukienda mahali, mimi najua. Siku mimi nikisema simjui mtu huyu..." Hakumaliza. "Kwanza leo. Wimbo ule, toa tarumbeta. Nyuma nataka kimya."

"Ndiyo, Afande."

"Bure kabisa. Kazi yote bure."

Ochola alijifuta sukari magotini. Acan alimnyooshea ukosi, akakifunga kifungo ambacho hakuwahi kukifunga, akakifungua tena. Alitaka kumuuliza kama Ojok atakuwa amevuka mpaka, lakini hilo hakuna aliyelijua, wala hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Ochola alikwenda kwenye jeep, akainua mguu apande kiti cha nyuma, mahali pa fundi.

"Hapana," alisema Meja, akimfungulia mlango wa mbele yeye mwenyewe, mbele ya askari wake wote. "Kaa hapa. Mimi sitaki mtu nyuma yangu."